Kazi Ujerumani kwa Mwenye Kiingereza: Anza na Fani, Viza Itafuata

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Papo hapo zikavuma habari kwamba Ujerumani imetenga nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: makubaliano hayo hayana idadi yoyote ndani yake, na kila mwombaji atapimwa kwa sheria zilezile za uhamiaji wa wataalamu. Uvumi wa namna hiyo ndio mtaji wa madalali, na wanaoulipia ni watu wenye elimu nzuri na nia njema.

Mwongozo huu ni kwa yule aliyesoma kwa Kiingereza, awe Nairobi, Mwanza, Kampala au Kigali, mwenye shahada au stashahada na uzoefu wa kazi, ila Kijerumani hajui. Nafasi ipo. Jamii ya Ujerumani inazeeka, waajiri wanahangaika kupata wataalamu, na Sheria ya Uhamiaji wa Wataalamu iliyoanza kutumika Machi 2020 ililegezwa kwa hatua kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Tatizo ni kwamba wengi wetu huanzia mwisho: tunakimbilia viza kabla ya kujua kama fani zetu zinaajirika kule kwa lugha tuliyo nayo. Ukifuata mpangilio huu utajua mapema, kabla hujatumia fedha nyingi, kama safari hii inakufaa.

1. Pima fani yako kwa lugha

Kwa mtu wa Kiingereza, kazi za Ujerumani ziko katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi zinazofanyika kwa Kiingereza kitupu. Humo wamo watengenezaji wa programu za kompyuta, wachambuzi wa data na wataalamu wa usalama wa mitandao, hasa Berlin, Munich na Hamburg. Wamo pia watafiti. Taasisi za Max Planck na vyuo vikuu vingi huendesha maabara kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa kwa mkataba wenye mshahara badala ya kulipa ada. Bonn nayo ina nafasi zake: sekretarieti ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi iko pale, na makao makuu ya Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa pia. GIZ, shirika la serikali la ushirikiano wa maendeleo, lina makao Bonn na Eschborn, na Deutsche Welle ya Bonn ina idhaa ya Kiswahili. Nafasi za huko si nyingi, lakini ndipo mahali ambapo kuijua Afrika Mashariki ni sifa ya kitaaluma.

Fungu la pili ni kazi ambazo Kiingereza hukufikisha nusu ya njia: uhandisi, uhasibu, usafirishaji wa mizigo, hoteli. Kampuni kubwa zenye matawi duniani huweza kukuajiri kwa Kiingereza. Lakini sehemu kubwa ya ajira za Ujerumani iko katika kampuni ndogo na za kati, nyingi za kifamilia, katika miji midogo ambayo jina lake hujawahi kulisikia. Huko fundi, mhasibu na meneja wanaongea Kijerumani, na mwajiri atataka walau kiwango cha B1 (viwango vya lugha huanzia A1, cha mwanzo kabisa, hadi C2).

Fungu la tatu ni fani zinazosimamiwa na sheria: uuguzi, udaktari, ufamasia, ualimu wa shule za serikali. Muuguzi hawezi kufanya kazi kama muuguzi kamili bila cheti chake kutambuliwa na mamlaka ya jimbo, na kwa kawaida hudaiwa Kijerumani cha B2. Daktari huongezewa mtihani wa lugha ya kitabibu katika kiwango cha C1. Hapa Kiingereza hakihesabiwi hata kikiwa kizuri namna gani. Kama uko katika fungu hili, kazi yako ya kwanza ni darasa la lugha, na anayekuambia tofauti anakudanganya.

Usikisie uko fungu gani. Fungua tovuti ya serikali iitwayo Make it in Germany, ubao wa kazi wa Wakala wa Ajira wa Shirikisho, StepStone na LinkedIn, kisha usome matangazo thelathini ya kazi yako. Angalia tangazo limeandikwa kwa lugha gani. Likiwa la Kijerumani, tafuta neno Deutschkenntnisse, yaani ujuzi wa Kijerumani, uone wanadai kiwango gani. Herufi m/w/d zinazofuata jina la kazi zisikutishe. Zinamaanisha kwamba nafasi iko wazi kwa mtu wa jinsia yoyote. Matangazo matano tu kati ya thelathini yakikubali Kiingereza peke yake, unajua ukubwa wa bwawa unalovulia.

2. Shughulikia vyeti kabla ya viza

Ujerumani ni nchi ya karatasi. Shahada yako itaulizwa kabla ya kipaji chako.

Anza na Anabin, kanzidata ya serikali ambayo kila mtu huweza kuitazama bure. Tafuta chuo chako; alama unayoitaka ni H+, yaani chuo kinatambuliwa. Kisha tafuta aina ya shahada yako, uone kama imetajwa kuwa sawa na ya Kijerumani. Vyote viwili vikiwa sawa, chapisha kurasa hizo uzitunze, maana utaziambatanisha na maombi ya viza. Kama shahada haimo, omba tathmini iitwayo Zeugnisbewertung kwenye ofisi kuu ya elimu ya kigeni, ZAB. Ada ya kawaida ni euro 208. Wenye vyeti vya ufundi wana mamlaka nyingine kulingana na fani, na Make it in Germany itakuelekeza kwenye ile inayokuhusu.

Kagua majina yako. Kwetu ni kawaida cheti cha kidato cha nne kuwa na majina mawili, shahada kuwa na matatu kwa mpangilio mwingine, na pasipoti kuongeza jina la babu. Afisa wa viza asiyezijua desturi zetu anaona watu watatu tofauti. Rekebisha tofauti hizo mapema, au upate hati ya kiapo inayothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Jambo jingine ni barua za waajiri wa zamani. Barua zetu nyingi husema tu kwamba fulani alikuwa mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia heri. Mwajiri wa Ujerumani amezoea barua inayotaja tarehe ya kuanza na kuacha kazi, cheo, majukumu, mitambo au programu ulizotumia, na jinsi ulivyofanya kazi. Mwombe bosi wako wa zamani akuandikie upya. Ukimpelekea rasimu yenye tarehe na majukumu sahihi, utakuwa umemrahisishia.

3. Chagua njia ya kisheria inayokufaa

*Kadi ya Buluu ya Ulaya.* Ni ya mwenye shahada aliyekwisha kupata kazi inayolingana na elimu yake. Kwa mwaka 2026 mshahara unaotakiwa ni angalau euro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa fani zenye uhaba wa watu, na kwa waliohitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita, kiwango ni euro 45,934.20. Mtaalamu wa teknolojia ya habari asiye na shahada naye anaweza kuipata kwa kiwango hicho cha chini, akithibitisha uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita. Mwenza wako haombwi cheti cha Kijerumani ili akufuate, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi.

*Viza ya mtaalamu.* Ni kwa mwenye shahada au cheti cha ufundi kilichotambuliwa, aliyepata kazi ambayo mshahara wake haufikii kiwango cha Kadi ya Buluu. Ukiwa umefikisha miaka 45 na unaenda kwa mara ya kwanza, sheria inadai mshahara wa angalau euro 55,770 kwa mwaka 2026, au uthibitisho wa akiba ya uzeeni inayotosha.

*Chancenkarte, Kadi ya Fursa.* Ilianza tarehe 1 Juni 2024, nayo humruhusu mtu kuingia Ujerumani na kutafuta kazi akiwa hukohuko kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Unatakiwa uwe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi, yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Lazima pia uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, kisha ufikishe alama 6. Chukua mfano wa mhasibu mwenye miaka 33: umri chini ya 35 unampa alama 2, uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita unampa 3, na Kiingereza cha C1 kinampa 1. Amefikisha 6 bila neno la Kijerumani. Mwenye uzoefu wa miaka miwili tu hupata alama 2 hapo, na lazima azibe pengo kwa njia nyingine. Kijerumani cha A2 ni alama 1, cha B1 ni 2, cha B2 ni 3.

Ugumu wa kadi hii ni fedha. Kwa mwaka 2025 ilibidi uthibitishe euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa, sawa na euro 13,092 kwa mwaka, ambazo wengi huziweka kwenye akaunti maalumu inayofunguliwa kidogokidogo kila mwezi. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi ya muda hadi saa 20 kwa wiki, na kujaribiwa na mwajiri kwa hadi wiki mbili. Ushauri wangu ni kwamba Chancenkarte iwe njia ya mwisho. Tafuta kazi kwanza ukiwa nyumbani, ambako kodi ya chumba unaimudu na mshahara bado unaingia. Usiuze kiwanja wala kukopa kwenye chama ili ukaanze kutafuta kazi ughaibuni huku siku za viza zinakatika.

*Mafunzo ya ufundi, Ausbildung.* Kijana ambaye bado hajajenga fani aifikirie njia hii. Utahitaji Kijerumani, kwa kawaida B1, lakini utajifunza kazi huku unalipwa. Katika hospitali za umma, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato.

4. Andika maombi yanayomwondolea mwajiri hofu

Wasifu wako uwe ukurasa mmoja au miwili, kazi ya karibuni ikiwa juu, kila kipindi kikiwa na mwezi na mwaka. Pengo lolote lieleze kwa maneno machache: masomo, ulezi, kutafuta kazi. Picha bado hutumiwa na wengi, lakini si lazima. Andika barua ya maombi inayojibu tangazo lenyewe, si ile uliyomtumia mwajiri wa juzi. Barua, wasifu, vyeti na barua za waajiri viunganishe katika faili moja la PDF.

Kisha fanya jambo ambalo waombaji wengi huliacha. Mwajiri ambaye hajawahi kuajiri mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anaogopa urasimu kuliko anavyokuogopa wewe. Mpunguzie mzigo kwa sentensi tatu: shahada yangu imo Anabin na chuo kina H+, mshahara uliotangazwa unafikia kiwango cha Kadi ya Buluu, na upo utaratibu wa haraka ambao mwajiri huweza kuuanzisha katika ofisi ya wageni ya kwake kwa ada ya euro 411. Ukiandika hivyo, anajua anazungumza na mtu aliyekwisha kufanya kazi ya nyumbani.

Usaili wa kwanza kwa kawaida hufanyika kwa video. Ujerumani iko nyuma ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa saa 2 majira ya baridi na saa 1 majira ya joto. Wakikuandikia 10:00 kwa saa za Berlin, mwezi Januari hiyo ni saa 6 mchana kwetu, na mwezi Julai ni saa 5 asubuhi. Ingia kabla ya wakati, maana kuchelewa dakika kumi kule kunahesabiwa kama tabia. Wakikuuliza ulichofanya, sema ulichofanya wewe. Sisi tumelelewa kusema "tulifanikiwa" ili tusionekane tunajikweza, lakini msaili anataka kujua ni sehemu gani ya mradi ilipita mikononi mwako. Swali usilolijua, sema hulijui na ueleze ungelitafutaje jibu. Mshahara unaoutaka utaje kwa mwaka, kabla ya makato, baada ya kulinganisha na matangazo uliyoyasoma.

5. Piga hesabu ya mshahara wa mkononi

Euro 50,700 kwa mwaka ni euro 4,225 kwa mwezi. Ondoa kodi ya mapato, pensheni ya asilimia 9.3, bima ya afya, bima ya kukosa ajira na bima ya matunzo. Mtu asiye na ndoa wala watoto hubaki na kama euro 2,700. Hapo bado hajalipa nyumba. Munich ndilo jiji ghali zaidi kwa pango, Leipzig ni nafuu zaidi, na mshahara uleule una uzito tofauti katika miji hiyo miwili. Mwenye nyumba huweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize mwajiri kama atakusaidia makazi ya mwanzo, na kama anachangia nauli.

Ukihamia kwenye nyumba una wiki mbili za kujiandikisha katika ofisi ya wakazi wa mji. Hatua hii huitwa Anmeldung, na bila hiyo hutapata namba ya kodi inayohitajika ili mshahara ukatwe kwa kiwango sahihi. Usikubali chumba ambacho mwenyewe anakukataza kujiandikisha.

Katika mkataba, soma muda wa majaribio, ambao hauzidi miezi 6. Siku za likizo, ambazo kisheria si chini ya 20 kwa wiki ya kazi ya siku tano. Na saa za kazi. Kiwango cha chini cha malipo tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Mbali na malipo ya Ausbildung, ofa ya ajira ya kawaida iliyo chini ya hapo ni kinyume cha sheria.

Zungumza pia na familia kabla hujapanda ndege. Nyumbani watazigeuza euro 4,225 kuwa shilingi na kuanza kupanga ada za shule na nyumba ya wazazi. Waonyeshe makato, pango na nauli ya treni. Kubalianeni kiasi cha kutuma ambacho utakiweza mwezi baada ya mwezi, na mkubaliane kwamba miezi ya mwanzo hutatuma kitu. Wengi wanaoshindwa ugenini kazi wanaipata; kinachowavunja ni kubeba nyumba mbili kwa mshahara wa nyumba moja.

6. Usinunue kazi

Naomba ulichukue hili kwa uzito kuliko mengine yote. Mwajiri wa kweli hamlipishi anayemwajiri. Hakuna ada ya kuhifadhi nafasi, ada ya mkataba wala ada ya kuharakisha miadi ya ubalozi. Ada ya viza ya kitaifa ni euro 75, nayo hulipwa kwa ubalozi wenyewe au kituo ambacho ubalozi unakitumia rasmi, si kwa simu ya mtu.

Wakala akikufuata, dai leseni yake. Kenya wakala binafsi wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Tanzania Bara kuna huduma za ajira za serikali, TaESA. Uganda leseni hutolewa na wizara inayohusika na jinsia na kazi. Thibitisha kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, kwa sababu karatasi iliyobandikwa ukutani kila mtu anaweza kuichapisha. Wauguzi watafute wakala mwenye nembo ya serikali ya Ujerumani ya uajiri wa haki, ambayo masharti yake yanataka gharama zibebwe na mwajiri.

Kampuni yenyewe nayo ichunguze. Daftari la kampuni la Ujerumani, Handelsregister, hutazamwa bure mtandaoni tangu Agosti 2022. Kampuni isiyomo, inayokuandikia kwa anwani ya barua pepe ya bure, isiyotaka kukusaili lakini inataka pesa Ijumaa, achana nayo. Ukipeleka mkataba wa kughushi ubalozini, hata kama wewe ndiye uliyetapeliwa, utakataliwa viza, na maombi yako yanayofuata yatatazamwa kwa shaka.

7. Kijerumani kianze leo

Hata aliyeajiriwa kwa Kiingereza ataenda kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwenye ofisi ya wageni, na huko atasikia Kijerumani. Sheria yenyewe inamlipa anayejifunza: mwenye Kadi ya Buluu huweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha A1, lakini akiwa na B1 inatosha miezi 21. Goethe-Institut inafundisha Nairobi na Dar es Salaam. Asiye na ada anaweza kuanza bure na kozi ya Deutsche Welle iitwayo Nicos Weg, inayoanzia A1 hadi B1.

Ratiba ya kuanzia

Wiki hii soma matangazo thelathini na uangalie chuo chako Anabin. Mwezi huu sahihisha majina, omba barua za waajiri, ujiandikishe darasa la lugha. Mwezi ujao anza kutuma maombi, machache yaliyoandikwa kwa makini, huku ukiendelea na kazi uliyo nayo. Kama matangazo yamekuonyesha kwamba fani yako inadai Kijerumani, sogeza safari mbele kwa mwaka mmoja au miwili na uutumie muda huo darasani. Mwaka wa kusoma ukiwa kwenu, unapata mshahara na una watu wa kukushika mkono, ni nafuu mno kuliko mwaka wa kusubiri Berlin huku akiba ikiyeyuka.